Kabla ya Kumlaumu Mtoto: Tuijue Rauta ya Nyumbani Mwetu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad. Wapenzi wasomaji, wiki hii tumeona tuzungumzie kitu ambacho katika nyumba nyingi kimewekwa juu ya kabati au nyuma ya televisheni, kina taa ndogo ndogo zinazometameta, na hakuna anayekitazama mpaka siku kitakapokataa kufanya kazi. Kitu hicho ni rauta, kile kisanduku kinachotuletea intaneti. Huenda msomaji akauliza: hayo si mambo ya mafundi? Nasi tulikuwa tukisema hivyo hivyo, mpaka kisanduku hicho kilipotutia katika dhulma ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Ilikuwa miaka kadhaa iliyopita, wakati nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, ilipokuwa ikipata intaneti kupitia waya wa simu ya mezani. Binti yetu mkubwa alikuwa akisoma tajwidi kila usiku saa mbili, baada ya Isha, na ustadhati aliyekuwa Malindi. Ghafla darsa ikaanza kukatika. Sauti ya ustadhati ilipotea katikati ya aya, ikarudi baada ya dakika mbili, kisha ikapotea tena. Siku ya pili vivyo hivyo. Mchana hakuna tatizo lolote. Usiku, wakati wa darsa, ndipo balaa linapoanza.

Wakati huo huo mwana wetu wa kiume, wa miaka kumi na miwili, alikuwa na desturi ya kuketi sebuleni kando ya rauta akifanya kazi za shule. Tulimwona mara mbili akikishika kile kisanduku. Tulipomuuliza, akasema: "Natazama taa tu, mama." Hatukumsadiki. Darsa ilipokatika usiku wa nne, tulimwita mbele ya nduguze na kumwambia aache kuchezea mtambo. Akasema, "Wallahi mama, si mimi." Tukamjibu kwa ukali kwamba asiape jina la Mwenyezi Mungu kwa uongo, na tukamkataza kwenda kucheza mpira baada ya Alasiri kwa wiki nzima.

Fundi aliitwa mara mbili, akaja mchana, akakuta kila kitu kiko sawa. Mara ya pili alisema rauta imechoka na kwamba yeye anayo mpya ya kutuuzia. Tulikuwa karibu kutoa pesa.

Aliyetuokoa ni binti yetu. Alichukua daftari akaandika, usiku baada ya usiku, saa na dakika ambayo darsa ilikatika. Baada ya siku saba akatuletea. Usiku wa tano na wa sita darsa haikukatika hata mara moja, ilhali ndugu yake alikuwa ameketi pale pale pake. Basi kulikuwa na tofauti gani siku hizo mbili? Ni Bibi, mzaa baba yao, aliyetanabahi. Akasema: "Hizo ndizo siku ambazo shangazi yenu wa Muscat hakupiga simu."

Tukatazamana. Binti akachukua simu ya mkononi, akapiga namba ya simu yetu ya mezani, na sote tukaikazia macho rauta. Simu ya chumbani kwa Bibi ilipolia mlio wa kwanza, taa iliyoandikwa DSL ikazimika, kisha ikaanza kupepesa. Simu ilipokatwa, intaneti ikachukua dakika nzima na zaidi kurudi. Hatukuhitaji ushahidi mwingine. Mtoto alikuwa hana kosa lolote.

Ndugu zetu, Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Hujurat ametuamrisha, katika aya ya 6, tuchunguze habari inapotujia ili tusije tukawadhuru watu bila kujua. Na katika aya ya 12 ametukataza dhana nyingi. Aya hizi tulikuwa tukizisoma na kuzisomesha. Hatukufikiri kwamba zina la kutufunza mbele ya kisanduku cha plastiki.

Waya mmoja, abiria wawili

Ili kosa letu lifahamike, hebu tueleze jinsi DSL inavyofanya kazi. Waya wa simu ya mezani ni jozi ya nyuzi za shaba. Sauti ya mwanadamu ikipita humo hutumia masafa ya chini tu, na sehemu kubwa iliyobaki ya uwezo wa waya hukaa bure. Wahandisi wakaitumia sehemu hiyo ya juu kupitishia intaneti. Hivyo waya mmoja hubeba abiria wawili, simu chini na intaneti juu, na kila mmoja hana habari na mwenziwe.

Lakini simu ya mezani haijui mipaka hiyo. Inapolia au inapoinuliwa, hutoa mishindo inayopanda mpaka kwenye masafa ya intaneti. Kwa sababu hiyo kila simu iliyounganishwa na laini hiyo ni lazima ipitie kidude kidogo kiitwacho filta, ambacho huruhusu masafa ya chini peke yake. Rauta ndiyo isiyopitishwa kwenye upande wa simu wa filta, kwani yenyewe inahitaji yale masafa ya juu.

Simu yetu ya sebuleni ilikuwa na filta. Ya chumbani kwa Bibi, ambayo iliongezwa baadaye ili asipate taabu ya kushuka ngazi, haikuwa nayo. Tena Bibi alikuwa ametuambia zaidi ya mara moja kwamba simu yake ina mvumo, kama wa kombe la bahari likiwekwa sikioni. Mvumo huo ulikuwa ni intaneti yenyewe ikipenya kwenye simu isiyo na filta. Dalili ilikuwa mbele yetu, tukaidharau kwa kuwa ilisemwa na mtu mzima asiyejua mitambo. Filta tuliyoinunua iligharimu chini ya bei ya kilo moja ya nyama, na tangu siku hiyo darsa haikukatika tena kwa sababu ya simu.

Siku hizi nyumba nyingi za pwani yetu zimehama kutoka waya wa shaba. Wengine wana nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, wengine wana rauta zinazotiwa laini ya simu ya mkononi. Hata hivyo njia ya kutafuta kosa ni ile ile, nayo ni kwenda hatua kwa hatua, kutoka kwenye stima hadi kwenye simu iliyo mkononi, bila kuruka.

Kuzisoma taa

Taa za rauta ni maneno ambayo kisanduku hicho kinatuambia. Majina na rangi hutofautiana kwa kila mtengenezaji, lakini mpangilio wake unafanana.

Taa ya kwanza ni ya stima. Ikiwa imezimika, tusiende mbali: tuangalie soketi, swichi, na adapta yake. Adapta ndiyo inayokufa mara nyingi zaidi kuliko rauta yenyewe, hasa mahali ambapo stima hupotea na kurudi kwa kishindo. Tukinunua nyingine, volti zake ziwe sawasawa na zile zilizoandikwa kwenye rauta, na ampea zake zisipungue.

Taa ya pili ni ya laini. Kwenye rauta ya DSL huandikwa DSL au ADSL. Ikitulia, rauta imekutana na mtambo wa upande wa pili. Ikipepesa bila kutulia, inatafuta na haipati. Tatizo liko kwenye waya, filta, soketi au laini ya nje. Kwenye kisanduku cha nyuzi za kioo tutaona taa ya PON, ambayo yapasa kutulia, na taa ya LOS, ambayo ikiwaka nyekundu ina maana kwamba mwanga haufiki. Hapo tutazame kama ule waya mwembamba umekunjwa au umebanwa na kabati, maana ndani yake mna kioo. Tusiuchomoe na kuchungulia ncha yake, kwa kuwa mwanga wake hauonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru.

Taa ya tatu ni ya intaneti. Ikiwa laini imetulia lakini taa hii imezimika au ni nyekundu, basi waya ni mzima, ila rauta imebisha hodi kwa kampuni na haikufunguliwa. Aghalabu sababu ni jina la mtumiaji au nenosiri lililokosewa, au malipo ya mwezi yaliyokwisha. Wangapi kati yetu wamemwita fundi, kumbe ni bili?

Taa ya nne ni ya waifai. Ikiwa zote za mwanzo ziko sawa na hii inawaka, basi rauta imetimiza wajibu wake. Tuuliza sasa: ni simu moja isiyopata, au zote? Ikiwa ni moja, kosa ni la simu hiyo. Tuiambie iusahau mtandao huo, kisha tuuingize upya na nenosiri lake.

Jambo kubwa ni hili: tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha tungoje tuone. Anayechomoa waya, kubadili nenosiri na kuhamisha rauta kwa pamoja hatajua ni lipi lililomponya, wala ni lipi lililomwongezea ugonjwa.

Kuzima si kufuta

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuizima rauta, kungoja kama nusu dakika, na kuiwasha tena. Jambo hili halina madhara, nalo huponya matatizo mengi. Baada ya kuiwasha tusubiri dakika tatu hivi kabla ya kutoa hukumu.

La pili ni kile kitundu kidogo kilicho nyuma, ambacho hubonyezwa kwa pini. Ukikibonyeza kwa sekunde kumi hivi, rauta husahau kila kitu ilichofunzwa: jina la mtumiaji, nenosiri, hata jina la waifai, na hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Kama hatuna maandishi ya mipangilio yetu, tumejifungia nje. Kitundu hicho kisiguswe ila kwa dharura, na watoto waambiwe hivyo waziwazi.

Kuiweka rauta mara ya kwanza

Akina mama wengi hudhani kwamba kuweka mipangilio kunahitaji kompyuta na elimu ya chuo. Simu ya mkononi yatosha. Chini ya rauta kuna karatasi iliyogandishwa yenye jina la waifai na nenosiri la kiwandani. Tuiunganishe simu yetu na waifai hiyo, tufungue kivinjari, na juu kabisa, mahali pa anwani, tuandike 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kulingana na karatasi ile. Utafunguka ukurasa wa rauta yenyewe. Ukurasa huo hauko nje kwenye intaneti. Uko ndani ya kisanduku, nao hufunguka hata kama laini imekatika.

Kwa rauta ya DSL, kampuni hutupa jina la mtumiaji na nenosiri la laini, pamoja na namba mbili ziitwazo VPI na VCI. Namba hizo huambia rauta njia ya kupita ndani ya laini. Zikikosewa, taa ya DSL hutulia vizuri lakini intaneti haiji. Pale panapouliza aina ya muungano, mara nyingi jibu ni PPPoE, lakini tuthibitishe na kampuni. Haya yote tuyaandike katika daftari na kuliweka pamoja na vyeti vya nyumba. Siku ya haja, karatasi hiyo moja itatuepusha na safari na gharama.

Ndani ya ukurasa huo huo kuna sehemu ya hali ya laini. Kwa DSL hapo huonyeshwa hesabu mbili kwa desibeli. Moja ni nafasi kati ya mawimbi na kelele, inayoandikwa SNR. Ikiwa juu ya 10 ni njema, ikishuka chini ya 6 laini hukatikakatika. Ya pili ni upungufu wa mawimbi njiani. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo nyumba ilivyo mbali na mtambo wa simu, au ndivyo waya ulivyochoka. Mama atakayemwambia fundi kwa simu, "SNR yetu ni 4, na inashuka mvua inaponyesha," hatauziwa rauta asiyoihitaji.

Kuta za mawe na hewa ya chumvi

Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene. Wazee walijenga hivyo ili tupate ubaridi, na waifai hawakuijua. Matokeo yake, chumba cha mbele kina intaneti na cha nyuma hakina. Rauta nyingi za sasa hutoa mitandao miwili, 2.4G na 5G. Hii 5G ya rauta si ile ya minara ya simu za mkononi. Ni masafa tu. Ya 5G ni ya kasi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta, ya 2.4G ni ya polepole zaidi ila hupenya vizuri. Basi aliye karibu atumie 5G, na aliye nyuma ya ukuta atumie 2.4G.

Rauta iwekwe katikati ya nyumba na juu, isifungiwe kabatini, isifichwe nyuma ya televisheni, wala isikae karibu na maikrowevu, ambayo huvuruga masafa ya 2.4G. Ikiwa bado vyumba vya ghorofani havipati, suluhisho la kudumu ni kupitisha waya hadi juu na kuweka kisanduku cha pili cha waifai huko.

Adui mwingine ni hewa yetu ya bahari. Chumvi na unyevu hula shaba, na viungo vya waya hufanya kutu ya kijani. Kutu hiyo haikati laini moja kwa moja, huidhoofisha. Dalili yake ni laini inayosumbua wakati wa mvua na kutengemaa jua linapochomoza, au mchakato unaosikika kwenye simu ya mezani kabla hata ya kupiga namba. Kwa kuwapima adui hao, tuzichomoe simu zote za mezani, kisha rauta iunganishwe peke yake kwenye soketi ya kwanza kabisa ambapo laini inaingilia nyumba. Ikitengemaa hapo, ugonjwa uko kwenye nyaya za ndani. Isipotengemaa, ni juu ya kampuni. Lakini nyaya zilizo wazi tusizishike kwa mikono, kwani simu inapolia waya huwa na volti za kutosha kumshtua mtu.

Masika na vuli zinapokuja na radi, tuchomoe plagi ya stima na pia waya wa simu. Radi huingia kwa njia zote mbili, na aliyefunga mlango mmoja hajalala salama.

Kosa likiwa si la nyumbani

Mara nyingine kila taa iko sawa na bado hakuna kinachofunguka. Intaneti ya nchi yetu hupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na kadhaa kati yake zinatua hapa hapa Mombasa. Waya wa TEAMS, uliofika mwaka 2009, unatuunganisha na Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za EASSy na Seacom zilikatika, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikapata intaneti dhaifu kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo hata mhandisi hodari akija nyumbani hatafanya kitu. Kwa hivyo kabla ya kuchomoa chochote, tumuulize jirani kama yake inafanya kazi.

Mlango na ufunguo

Sura An-Nur, aya ya 27, inatufunza tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe idhini na kutoa salamu. Rauta ni mlango wa nyumba pia. Rauta iliyoachwa na nenosiri la kiwandani ni mlango ambao ufunguo wake umetundikwa nje.

Kuna funguo mbili, na zote zibadilishwe. Ufunguo wa kwanza ni nenosiri la kuingia kwenye ukurasa wa rauta. Aghalabu ni neno admin, na kila anayejua rauta analijua. Ufunguo wa pili ni nenosiri la waifai. Liwe refu, mathalani maneno manne yasiyohusiana, wala lisiwe jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Jina la mtandao lisitaje ukoo wala namba ya nyumba. Katika sehemu ya ulinzi tuchague WPA3, au WPA2 ikiwa vyombo vyetu ni vya zamani; WEP tuiepuke kabisa, maana ulinzi wake huvunjwa kwa dakika chache. Tukishahifadhi mabadiliko, simu zote zitakatika. Tusitaharuki, zinangoja nenosiri jipya.

Kuhusu jirani, kumsaidia ni ibada, lakini si kwa kumpa ufunguo wa nyumba nzima. Rauta nyingi zina mtandao wa wageni. Tumpe huo, ambao hautamfikisha kwenye vyombo vyetu. Na sisi tukiona waifai ya jirani iko wazi, tusiitumie bila idhini yake.

Kwa watoto, rauta inaweza kusaidia kwa mambo mawili. Kwanza, inaweza kufunga waifai saa tunayotaka, kama saa nne usiku, ili Alfajiri isipotee. Pili, kila tovuti ina jina na namba, na rauta huuliza daftari fulani ili ipate namba ya jina hilo. Daftari hilo huitwa DNS. Kuna daftari linalokataa kutoa namba za tovuti chafu, nalo ni la kampuni ya Cloudflare. Katika sehemu ya DNS twaandika 1.1.1.3, na pale pa pili 1.0.0.3, bila malipo yoyote. Lakini tusijidanganye. Kijana mwenye bando kwenye simu yake hapiti kwenye rauta yetu, na hakuna chujio linalozidi malezi. Yule bedui aliyefunzwa na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, amfunge ngamia wake kisha ategemee, hakuambiwa kwamba kamba peke yake inatosha.

Kwa dada zetu, faida nyingine haihitaji maelezo marefu. Mwanamke anayejua kuzisoma taa na kuufungua ukurasa wa rauta hahitaji kumwingiza fundi mgeni nyumbani kila wiki, na haja ikiwa lazima, ataweza kungoja wakati ambao mahramu wake yupo.

Yaliyobaki

Baada ya filta kufungwa, tulikuwa na deni ambalo filta haikulilipa. Tulimkemea mtoto mbele ya nduguze, basi hatukuona sawa kumwomba radhi faraghani. Asubuhi, baada ya swala ya Alfajiri, wote wakiwa bado juu ya misala, tulimwambia: "Mwanetu, tulikudhulumu. Ulisema kweli nasi hatukukusadiki. Tusamehe." Alinyamaza kidogo, akatazama chini, kisha akasema: "Nimewasamehe, mama. Basi leo naweza kwenda uwanjani?"

Tulipomuuliza alikuwa akiishikia nini rauta siku zile, alijibu kwamba alikuwa ameona taa ile ikizimika na alitaka kujua sababu. Mtoto alikuwa akichunguza, na sisi watu wazima ndio tuliokuwa tukidhani.

Tangu siku hiyo, yeye ndiye aliyekabidhiwa daftari la rauta. Ndani yake mna mipangilio yote, namba ya kampuni, tarehe za matatizo na dawa yake. Ukurasa wa kwanza aliuandika mwenyewe: saa, dakika, taa gani, na nani alipiga simu. Twawashauri wasomaji wetu waanze daftari kama hilo wiki hii, kabla taa haijazimika.

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu, azitie nuru, na atuepushe na dhana mbaya kwa walio wadogo kwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.